Taa za Krismasi: Louisville, Lexington au Cincinnati? Chagua kwa foleni, si kwa wingi wa taa

Kila Novemba ikifika katikati, kundi letu la WhatsApp hapa Louisville, Kentucky, hurudia swali lile lile: mwaka huu watoto tunawapeleka wapi kuona taa? Na majibu huwa ya aina moja. Nenda kule, kuna taa nyingi. Hapana, nenda huku, kuna nyingi zaidi. Nimeyafuata majibu hayo miaka sita, na siku hizi mtu akiniuliza, mimi humuuliza kwanza: mko wangapi, mdogo wenu ana umri gani, na mkikaa foleni saa nzima ni nani ataanza kulia? Kusubiri utasubiri kila mahali. Kinachotofautiana ni unasubiri ukiwa umekaa wapi.

Nalinganisha sehemu tatu ambazo familia nyingi za hapa huzizungumza. Ya kwanza ni Lights Under Louisville, ambapo unapita na gari lako ndani ya Louisville Mega Cavern, chini ya ardhi. Ya pili ni Southern Lights, katika Kentucky Horse Park nje kidogo ya Lexington. Hiyo nayo ni ya kupita na gari, ila juu yako kuna mbingu. Ya tatu ni Festival of Lights ya bustani ya wanyama ya Cincinnati, ng'ambo ya mto Ohio. Hiyo si ya gari kabisa, unashuka na kutembea. Nimeiingiza makusudi, kwa sababu wengi wanaolalamikia foleni za magari walipaswa tangu mwanzo kwenda mahali pa kutembea.

Chini ya ardhi

Mega Cavern si pango la Mungu. Ni mgodi wa mawe ya chokaa ulioanza kuchimbwa miaka ya 1930 na kuendelea kwa zaidi ya miaka 40, mawe yake yakaenda kujenga barabara na madaraja. Kilichobaki ni uwazi wa ekari 100 hivi chini ya mji, na sehemu yake inapita chini ya barabara kuu ya Watterson na chini ya bustani ya wanyama ya Louisville. Wakati wa mvutano wa Marekani na Umoja wa Kisovieti kuhusu makombora ya Cuba, mwaka 1962, kulikuwa na mpango wa kuwaficha humo watu 50,000 kama bomu la nyuklia lingeanguka. Leo humo kuna midoli ya theluji yenye urefu kushinda basi.

Mama yangu alipokuja kututembelea kutoka Korogwe, tulimpeleka hapo. Gari lilipoanza kuteremka kwenye giza akashika kile kishikio cha juu ya mlango, akauliza, "Mwanangu, tunakwenda kuona taa au tunakwenda kuzikwa?" Tulipokunja kona ya kwanza na kuta za mawe zikawaka rangi, akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Kumbe ni Amboni iliyovutiwa umeme." Sijasikia maelezo mazuri kuliko hayo. Mtu wa Tanga anayeyajua mapango ya Amboni ameshaelewa: chokaa ile ile, dari ile ile inayokuja karibu na kwenda mbali, ila huku unaiangalia ukiwa umekaa kwenye kiti chenye joto. Swali lake la pili lilikuwa, "Na LUKU ya humu nani anainunua?" Nikamweleza habari za taa za LED, kwamba zinakula umeme kidogo sana kuliko balbu za zamani. Hakuridhika. Kwake taa ni taa, na uniti ni uniti.

Uzuri mkubwa wa mahali hapa ni hali ya hewa. Ndani ni digrii 58 za Fahrenheit mwaka mzima, yaani kama 14 za Selsiasi. Mvua inyeshe, barafu ishuke, wewe humo hujui. Ukishaingia, safari inachukua kama nusu saa, na hiyo ni saizi ya uvumilivu wa mtoto wa miaka mitatu. Ikizidi hapo taa zinageuka kuwa ukuta tu, na vita vya kiti cha nyuma vinaanza.

Ubaya wake ni kwamba ukishaingia umeingia. Njia ni moja, gari la mbele ndilo linaloamua mwendo, na hakuna mahali pa kugeuzia. Simu nayo inapoteza mtandao, kwa hiyo tiketi iliyoko kwenye barua pepe ipigie picha ya skrini ukiwa bado nyumbani, na nyimbo za watoto zipakue mapema. Mwenye pumu garini afunge vioo na kuweka hewa izunguke ndani kwa ndani. Wana mashine za kuingiza hewa, lakini magari ni magari na moshi ni moshi.

Lexington, kwenye mashamba ya farasi

Kentucky Horse Park ni mahali pa kujitegemea hata bila Krismasi. Ni zaidi ya ekari 1,200 zilizofunguliwa kwa wageni mwaka 1978, na mwaka 2010 ndipo yalipofanyika mashindano ya dunia ya michezo ya farasi. Pale pana kaburi na sanamu ya Man o' War, farasi wa mbio ambaye watu wa Kentucky wanamtaja kama sisi tunavyowataja wachezaji wa zamani wa Simba na Yanga. Kutoka Louisville ni maili 75 hivi kwa barabara ya I-64, kisha unaingia I-75 na kuiacha kwenye njia ya kutokea namba 120.

Taa zake zimepangwa kando ya barabara ya maili kadhaa ndani ya eneo hilo, na nyingi zina farasi: farasi anaruka kiunzi, farasi wanashindana. Ukilinganisha na pangoni, huku macho yanapata nafasi. Taa moja inaisha, giza la shamba linapita kidogo, nyingine inatokea mbali. Mke wangu anapenda hapa zaidi kwa sababu hiyo hiyo. Anasema pangoni ni kama kula pilau, biriani na wali wa nazi kwenye sahani moja.

Lakini kinachonirudisha Lexington ni kile kinachofuata baada ya taa. Ukimaliza mzunguko unaweza kuegesha na kuingia ndani ya jengo, ambako kuna treni ndogo za kuchezea, wanyama wa kupapaswa, wachuuzi, na Baba Krismasi wa kupiga naye picha. Watoto wanashuka, wanakimbia, wanakwenda choo. Kwa familia iliyotoka maili 75, kipande hicho ndicho kinachofanya safari iwe na maana. Bila hicho ungekuwa umeendesha saa moja na zaidi ili uendeshe tena polepole.

Foleni ya huku inakukuta nje, kwenye Iron Works Pike, barabara ya mashambani. Usiku wa Jumamosi kabla ya Krismasi mstari wa taa nyekundu za nyuma ya magari unakuwa maonyesho ya peke yake. Usitegemee kupata sheli au duka ukiwa kwenye mstari. Mafuta na choo vimalizike kabla hujatoka barabara kuu.

Cincinnati, kwa miguu

Huku nitapita haraka. Bustani ya wanyama ya Cincinnati ilifunguliwa mwaka 1875, ni miongoni mwa zile kongwe zaidi Marekani, na taa zake za Krismasi zimekuwepo tangu 1982. Unatembea, unasimama unapotaka, unanunua chokoleti ya moto, unarudi nyuma kama mtoto amependa kitu. Hapo ndipo alipozaliwa Fiona, yule kiboko aliyezaliwa njiti Januari 2017 akapendwa nchi nzima. Ila usiwaahidi watoto kwamba watamwona usiku wa baridi, utajutia ahadi yako. Wanyama wengi muda huo wako ndani.

Kuna vilima, na Desemba ya mto Ohio ina upepo unaopenya hadi kwenye soksi. Bibi wa miaka 70 mwenye magoti mabovu hapamfai bila kiti cha magurudumu. Kijana wa miaka 14 anayeona haya kukaa garini na wadogo zake atakushukuru. Anayetoka Kentucky akumbuke pia daraja la Brent Spence, ambalo I-71 na I-75 zote mbili zinapita juu yake. Foleni yako inaweza kuanzia hapo kabla hata hujaiona bustani.

Pesa: kwa gari au kwa kichwa

Hapa ndipo familia zetu zinapotofautiana na za majirani. Louisville na Lexington wanatoza kwa gari. Cincinnati wanatoza kwa mtu, na maegesho unalipia mbali. Sisi tuna Sienna, ambayo ni Noah ya huku, na tukijaa tuko wanane. Bei ya gari ukiigawa kwa vichwa vinane inakuwa bei ya soda na chipsi. Bei ya kichwa ukiizidisha mara nane, hapo unaanza kujiuliza kama watoto hawawezi kuangalia taa za jirani.

Mkiwa wawili tu hesabu inageuka, bei ya gari zima mnaibeba wawili. Hapo Cincinnati haionekani ghali, na unapata jioni nzima badala ya nusu saa.

Bei hubadilika kila mwaka na kwa siku, kwa hiyo namba sizitaji. Lexington, katikati ya wiki huwa nafuu kuliko Ijumaa hadi Jumapili. Louisville tiketi hukatwa mtandaoni kwa siku na saa maalumu. Kama mnakwenda na kibasi cha kanisa, ulizeni kwanza, magari makubwa yana bei yake.

Na msijaribu kuokoa pesa kwa kubebana kama daladala ya saa kumi na mbili. Mama Furaha, jirani yetu kutoka Uvira, aliwahi kuniambia, "Papa Neema, ni polepole tu, weka batoto kwa mapaja." Haiwezekani. Sheria ya Kentucky inataka mtoto mwenye urefu wa inchi 40 au chini ya hapo awe kwenye kiti cha mtoto, na wa chini ya miaka minane aliye kati ya inchi 40 na 57 awe kwenye kiti cha kumwinua. Viti hivyo vinakula nafasi. Gari la siti nane lenye viti vitatu vya watoto mara nyingi ni gari la watu saba, na bora ujue hivyo Jumapili nyumbani kuliko Jumanne usiku mlangoni na shangazi amesimama nje ameshavaa koti. Na mtoto kutokeza kichwa kwenye tundu la paa, hilo hata mwendo wa konokono haulihalalishi.

Saa ngapi, na ya nani

Kosa hili ni langu peke yangu. Tiketi iliandikwa 7:00, nami nikaandika kwenye kundi kwa Kiswahili changu cha nyumbani: "Tunaingia saa moja." Mtoto wa kaka yangu amezaliwa huku. Akasoma "moja", akamwambia mama yake ni 1:00. Wakafika saa saba mchana jua linawaka, wakanipigia simu kuniuliza taa ziko wapi. Tangu siku hiyo naandika zote mbili: saa moja usiku, 7:00 pm.

Mtego mwingine ni wa wanaotoka Bowling Green, ambako Waswahili nao wapo wengi. Bowling Green wanafuata saa za kati, Louisville na Lexington saa za mashariki. Ukiendesha kuja kwetu unapoteza saa nzima bila kuibiwa na mtu. Tiketi ya saa moja usiku ya Louisville kwa saa ya ukutani kwako ni saa kumi na mbili.

Jua la Desemba hapa linazama kabla kidogo ya saa kumi na moja na nusu jioni. Kwa Lexington na Cincinnati hilo ni la kuzingatia, maana taa bila giza ni waya tu. Pangoni giza liko muda wote, kwa hiyo chukua nafasi ya mapema kabisa waliyonayo. Watoto wanakuwa hawajachoka, na wanaoswali wanapata magharibi nyumbani au isha wakirudi, kulingana na walivyokata.

Siku nzuri kwangu ni Jumatatu hadi Jumatano, kuanzia wiki ile baada ya Thanksgiving, sikukuu ya Marekani ya mwishoni mwa Novemba, hadi kama tarehe 12 Desemba. Shule hazijafunga, wageni hawajafika, na watu bado wanasema "tutakwenda tu". Wiki ya mwisho kabla ya Krismasi ndipo wanapokwenda wote kwa pamoja.

Taa za gari lako mwenyewe

Ukiingia kwenye maonyesho ya kupita na gari utaombwa uzime taa kubwa ubaki na zile ndogo. Inasikika rahisi. Magari mengi ya sasa yanawasha taa yenyewe, na ukiwa gizani kabisa yanakataa kuzima. Nyuma yako kuna magari hamsini, mbele yako familia iliyomulikwa imegeuza shingo. Dawa inategemea gari: mengine yanataka uzime injini, kisha uwashe tena breki ya mkono ikiwa imevutwa. Mengine yana swichi tu ya kuzungusha. Lifanyie mazoezi gari lako nje ya nyumba usiku mmoja kabla. Dakika tano zile zitakuokoa na kupigiwa honi na bibi za watu.

Injini ikiwaka bila kutembea inakula mafuta, kama nusu galoni kwa saa kwa gari la familia. Si pesa nyingi, lakini si pa kuja na mshale uko kwenye nyekundu.

Na choo. Mwaka mmoja, kwenye maonyesho mengine nisiyoyataja, tulikaa foleni karibu saa mbili na hapakuwa na pa kushukia. Mtoto wangu wa mwisho alikuwa amemaliza chupa nzima ya juisi ya embe. Sitaeleza zaidi, ila tangu hapo garini tunabeba pampasi hata za wasiovaa pampasi, na juisi hutoka wakati wa kurudi. Kwenda ni maandazi makavu na maji kidogo. Chai ya tangawizi kwenye chupa ni ya watu wazima, na wajue wanachokifanya.

Ningekuwa wewe

Una mtoto wa chini ya miaka minne, au mzazi mzee aliyetoka kwenye joto la nyumbani wiki iliyopita: Louisville, pangoni, Jumanne, nafasi ya kwanza. Hapana baridi, hapana kutembea, nusu saa mmemaliza.

Una watoto wa miaka mitano hadi kumi na mmejaa gari: Lexington, katikati ya wiki, mfike giza linapoingia. Taa kwanza, halafu ndani kwenye treni na wanyama. Ikiwezekana nendeni mchana mapema mkaone farasi, ila angalieni kwanza siku wanazofungua, maana majira ya baridi ratiba yao ya mchana hubadilika.

Una vijana wakubwa tu, au mko wawili: Cincinnati, na makoti ya kweli. Mkitoka Lexington ni maili 80 na kidogo, mkitoka Louisville ni 100 hivi.

Umechanganya wote, bibi, kichanga na kijana wa miaka 15? Usijaribu kuwaridhisha kwa siku moja. Sisi tulijaribu. Kijana alivaa vipokea sauti masikioni safari nzima, kichanga akalala kabla ya taa ya kwanza, na Mama Furaha kutoka kiti cha nyuma akatangaza, "Papa Neema, batoto banalala tayari, turudi." Tukaendelea mbele kwa sababu hapakuwa na pa kugeuzia, na aliyefurahia pesa yetu yote alikuwa mama yangu, amekaa mbele, anahesabu balbu na kuuliza LUKU.

Mwaka huu nimeshakata ya pangoni, Jumanne ya kwanza ya Desemba, 6:00 pm, yaani saa kumi na mbili jioni. Siti moja bado iko wazi, na haina kiti cha mtoto.